Shamba Nambari 64: Jinsi gharama ya kubeba gunia ilivyoujenga mji wa Eldoret

Kila msimu wa mavuno mama yangu hunipigia simu akiwa na swali moja tu: gunia la mahindi linauzwa pesa ngapi Eldoret mjini? Nikishamtajia bei, hunyamaza kidogo, halafu naye hunitajia bei aliyopewa na broka aliyesimamisha lori mbele ya lango letu. Hasemi zaidi. Pengo lililo kati ya bei hizo mbili ndilo nililosomea chuo kikuu kwa miaka minne, ila yeye alilijua kabla sijazaliwa. Mvua ikizidi na barabara yetu ya udongo ikageuka matope, pengo hupanuka. Kiangazi kikishika hupungua, japo haliishi.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo ninaokutana nao kazini huniuliza swali jingine. Hutaka kujua ni kituo gani cha biashara kitakachokua kuwa mji, ili wanunue ploti mapema, wajenge duka au stoo ya kuhifadhi nafaka kabla bei ya ardhi haijapanda. Wengi hudhani mji wa wakulima huzaliwa mahali penye udongo mzuri. Mimi huwasimulia habari za mji ambao sisi wa Uasin Gishu tunaupelekea mahindi yetu, kwa sababu ulianza kwenye shamba la mawe na ukakaa miaka mingi bila kukua.

Eldoret leo ni jiji. Ilipewa hati ya jiji Agosti 2024, na katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 475,716. Mwaka 1910 palikuwa na posta, na kando ya posta palikuwa na nyasi.

Ardhi haikuwa tupu

Masimulizi ya masetla husema walikuta uwanda usio na mtu. Si kweli. Mashimo ya Wasirikwa, yale mabonde madogo ya duara ambayo bado yanaonekana katika mashamba mengi, yanaonyesha kwamba watu waliishi na kufuga hapa zamani sana. Baadaye walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao wameliachia eneo hili jina lao, na walipovunjwa nguvu na vita vya karne ya 19, Wanandi wakalisha ng'ombe zao humo.

Wanandi walipigana na Waingereza kuanzia 1895, na vita vilipamba moto zaidi wakati reli ya kwenda Kisumu ilipokuwa ikijengwa karibu na nchi yao. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipigwa risasi katika mkutano uliotajwa kuwa wa kutafuta amani. Baada ya hapo watu wake wakasukumwa ndani ya mipaka waliyochorewa na serikali. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakitafuta wa kumpa uwanda huu. Mwaka 1903 waliahidi kuwapa Wayahudi wa vuguvugu la Kizayuni. Tume ikatumwa kukagua, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu ya hesabu. Mchumi akikuambia kwamba kilimo cha Uasin Gishu kilianza na ardhi ya bei nafuu, muulize ilikuwa nafuu kwa nani. Setla alilipa kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ilikuwa imekwisha kulipwa na mtu mwingine ambaye jina lake halimo katika daftari la ardhi.

Safari ya maksai

Waliokuja hatimaye ni Makaburu wa Afrika Kusini. Vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902 vilikuwa vimewaacha wengi bila mashamba au bila amani na majirani zao. Wachache walitangulia, na mwaka 1908 likaja kundi kubwa lililoongozwa na Jansen van Rensburg. Zilikuwa zaidi ya familia 40. Walipanda meli katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, wakashuka Mombasa, wakachukua reli hadi Nakuru. Hapo reli haikuwa na faida kwao tena, maana njia yake ilielekea Kisumu huku wao wakitaka kupanda juu kaskazini-magharibi.

Waliondoka Nakuru Agosti 1908 na magari yapatayo 40 ya kukokotwa na maksai. Mkulima yeyote wa Timboroa au Burnt Forest anajua Agosti ilivyo katika nyanda hizo. Mvua, ukungu, msitu mnene, na matope yasiyo na chini. Palipokuwa na kinamasi walikata mianzi na kuitandika ili magurudumu yasizame. Walifika karibu na kilima cha Sergoit Oktoba 1908. Umbali kutoka Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155, ambao leo matatu huumaliza kwa saa tatu hivi. Wao walitumia zaidi ya miezi miwili.

Wakagawana mashamba. Udongo ulikuwa mzuri, hewa ya baridi, nyasi za kutosha. Walikuwa na maksai waliofundishwa kazi na walijua kulima kwa plau. Kwa kipimo cha wataalamu wa kilimo walikuwa na kila kitu.

Lakini mji haukuja.

Hesabu ya gunia 22

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo habari yote ilipo. Gunia la mahindi la enzi hizo lilikuwa na uzito wa pauni 200, ambalo ndilo gunia letu la kilo 90. Chukua gari moja la maksai 16 lililobeba tani mbili, nao ni mzigo mzito kwa njia mbaya. Hizo ni gunia 22. Kituo cha reli kilichotumiwa na watu wa uwanda huu kilikuwa Londiani, mwendo wa kilomita 100 hivi. Maksai wakienda kilomita 15 kwa siku, na hiyo ni siku njema ya kiangazi, safari ya kwenda peke yake ni wiki moja. Kurudi ni wiki nyingine. Mvua ikinyesha, usihesabu tena.

Kwa hiyo maksai 16, dereva wake, kijana wa kuwaongoza mbele na mtu mwingine wa kusaidia wanatumia wiki mbili kupeleka gunia 22 kituoni. Na gunia likifika kituoni safari bado: kuna nauli ya reli hadi Mombasa, kuna meli hadi Ulaya. Mahindi ni zao zito lenye thamani ndogo. Huwezi kulibeba mbali kwa gharama kubwa ukabaki na kitu mfukoni. Mkulima wa Uasin Gishu wa mwaka 1910 angeweza kuvuna hata gunia 20 kwa ekari na bado akawa maskini, kwa sababu zao lake lilikuwa na bei tu pale lilipoweza kufika.

Basi waliishi vipi? Wengi wa Makaburu hao hawakuwa na mtaji. Waliwinda wanyama wa mwitu, wakauza ngozi na nyama kavu. Walibadilishana ng'ombe. Na jambo ambalo ningependa mfanyabiashara mdogo alisome mara mbili ni kwamba waliopata fedha taslimu kwa uhakika hawakuzipata kwa kulima. Walizipata kwa kubeba mizigo ya wengine. Mwenye gari na maksai alilipwa kupeleka vifaa vya serikali, vya maduka na vya masetla waliokuja nyuma. Yule mwenye ekari elfu mbili alimlipa mwenye gari moja.

Bado ni hivyo hadi leo. Ukienda kijijini kwetu wakati wa mavuno utakuta vijana wawili wenye trela ya trekta wanaolala usingizi mzuri kuliko mwenye shamba.

Posta, baa na benki

Mwaka 1910 serikali ilifungua posta kwenye kipande kilichojulikana kama Shamba Nambari 64. Husimuliwa kwamba mahali hapo palichaguliwa kwa sababu palikuwa na mawe mengi na hapakufaa kulimwa, hivyo hapakuwa na hasara kubwa kupatoa. Kuhusu namba yenyewe kuna masimulizi mawili: wengine husema ni namba ya shamba kwenye ramani ya wapimaji, wengine husema ni maili 64 kutoka mwisho wa reli. Wazungu walipaita Sixty-Four. Wenyeji wakaligeuza jina likawa Sisibo, na wazee bado hulitumia.

Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard aliamua pawe makao ya utawala, na jina likatafutwa. Eldoret limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, maana ndivyo Sosiani ulivyo. Napenda ukweli huo. Mji wa mahindi na ngano umebeba jina la mawe.

Mwaka huo huo wa 1912 ikaja benki, tawi la Standard Bank of South Africa. Hadithi ambayo kila mtoto wa Eldoret ameisikia ni kwamba sefu ya chuma ililetwa kwa gari la maksai, ikaanguka wakati wa kushushwa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuiinua tena, wakajenga benki kuizunguka. Hadithi nzuri. Sitaipinga. Lakini swali la mchumi ni jingine kabisa: benki ilitafuta nini mahali ambapo hapakuwa na reli wala soko, penye baa na posta na magari ya maksai?

Ilitafuta dhamana. Masetla walikuwa na hati za kumiliki ardhi, kwanza za miaka 99, kisha Sheria ya Ardhi ya 1915 ikazifanya za miaka 999. Hati kama hiyo unaweza kuiweka mezani na kukopa. Mkulima wa Kinandi aliyekuwa ng'ambo ya mpaka, hata kama ng'ombe zake zilikuwa nyingi na nono, hakuwa na karatasi ambayo benki ingeipokea. Tena mara kwa mara aliwekewa karantini ya mifugo, ikamzuia kuuza nje ya eneo lake. Mkopo ulitolewa kwa mtu ambaye bado hakuwa na faida, na ukakosekana kwa mtu ambaye tayari alikuwa na mali. Baadaye watu wakasema mmoja alikuwa na bidii kuliko mwenzake.

Maduka nayo yana sababu yake. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Lord Elgin, ilikubali kwamba ardhi ya nyanda za juu wagawiwe Wazungu tu. Wahindi hawakuruhusiwa kupata mashamba huko, ila waliweza kufanya biashara mjini. Ndiyo sababu katika miji ya nyanda za juu, Eldoret ikiwemo, duka la nguo, sukari, chumvi, misumari na mafuta ya taa mara nyingi lilikuwa la Mhindi. Duka lile liliuza kwa mkopo hadi mavuno. Ukifikiria vizuri, lilikuwa benki ya pili ya mji, na pengine ndiyo iliyovumilia zaidi.

Mikono iliyolima

Ekari zile hazikulimwa na familia 40. Serikali ilitoza kodi ya kichwa na ya nyumba, ikadaiwa kwa fedha taslimu, na mahali pa kuzipata lilikuwa shamba la setla. Waafrika wengi, wakiwemo Wanandi waliorudi kwenye malisho yaliyokuwa yao, waliruhusiwa kukaa kwenye mashamba kama maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima kipande chake na kulisha mifugo yake. Kuanzia 1920 mwanamume alitakiwa avae kipande shingoni, na asingeweza kumwacha mwajiri bila karatasi ile kuonyesha.

Katika vitabu vya hesabu vya setla gharama ya kazi ilikuwa ndogo. Hapo tena, kama ilivyokuwa kwa ardhi, unafuu wake ulilipiwa na mwingine. Hata hivyo kuna kitu ambacho maskwota walikipata bila kupewa na mtu. Walijifunza kutumia plau na maksai, wakaenda nayo kwao, na mahindi yakaingia katika mashamba ya Wanandi kama zao la kuuza. Babu zetu wengi walisomea huko.

Deni lililokua usiku mmoja

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ilileta masetla wapya, wengi wao wakiwa askari wastaafu, na uwanda ukajaa matumaini ya kitani. Kitani ni zao la nyuzi, jepesi likilinganishwa na thamani yake, kwa hiyo liliweza kustahimili gharama ya gari la maksai. Bei ilikuwa juu sana kwa sababu vita vilikuwa vimekata mauzo ya Ulaya. Watu wakakopa, wakapanda, wakaagiza mashine. Bei ikaporomoka kati ya 1920 na 1921, na mashine zikabaki zikipata kutu.

Pigo la pili lilikuwa la fedha yenyewe, na sijui kwa nini halisimuliwi zaidi. Fedha ya Kenya wakati huo ilikuwa rupia. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilipangwa upya ikawa shilingi mbili za Kiingereza, maana yake rupia 10 kwa pauni. Setla aliyekuwa na deni la benki la rupia 3,000 alilala akidaiwa pauni 200, akaamka akidaiwa pauni 300. Mazao yake yaliuzwa London kwa pauni. Kwa hiyo ili kulipa deni lile lile alihitaji kuuza nusu zaidi ya alichokuwa akiuza zamani, na bei yenyewe ilikuwa ikishuka.

Masetla walipobanwa walibana wafanyakazi. Mwaka 1921 waajiri wa Kizungu walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na hasira ya uamuzi huo ilikuwa sehemu ya yaliyomwinua Harry Thuku jijini Nairobi mwaka huo. Mabadiliko ya thamani ya sarafu yaliyoamuliwa mbali yalifika hadi kwenye kibaba cha unga cha kibarua.

Msomaji aliyewahi kuchukua mkopo wa mbolea iliyoagizwa kwa dola, kisha shilingi ikateleza kabla ya mavuno, hahitaji maelezo zaidi.

Reli ikafika

Mwaka 1922 kamati iliyoongozwa na Charles Bowring ilitafuta njia ya kuitoa nchi kwenye shida, na mojawapo ya majibu yake ilikuwa mahindi ya kuuza nje kwa wingi. Zao lile zito, la thamani ndogo, ambalo maksai wasingeweza kulibeba kwa faida. Liliwezekana kwa sharti moja, kwamba reli ilibebe kwa nauli ya chini mno.

Njia mpya kutoka Nakuru ilikuwa imeanza kujengwa. Ilizua ubishi mkubwa juu ya gharama yake na mahali ilipopitishwa, na kweli kupanda kwake kulikuwa kwa kutisha: karibu na Timboroa ilifika futi 9,136 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1924 treni ikaingia Eldoret. Ilikuwa miaka 16 tangu magari ya maksai yafike Sergoit.

Rudi kwenye hesabu yetu ya gunia 22. Behewa moja tu la tani 10 lilibeba gunia 111, na halikula nyasi wala halikuzama topeni. Wiki mbili za safari zikawa siku. Mkulima sasa hakulipa kwa mwenye maksai safari nzima ya Londiani. Alilipa kutoka shambani hadi stesheni ya mjini basi. Mashamba ambayo yangeweza kulimwa kwa faida yaliongezeka bila ekari hata moja kubadilika udongo wake.

Na hapo ndipo mji ulipokua. Maghala yakajengwa kando ya stesheni. Wauzaji wa plau, vipuri na magunia wakaja. Mafundi wa chuma, wa magari, wa viatu. Chama cha Kenya Farmers' Association, tunachokikumbuka kwa kifupi KFA, kikawa kinakusanya mahindi ya wanachama na kuyauza kwa pamoja, kikiwauzia pia pembejeo. Mwaka 1926 tawi la reli lilifika Kitale, na mwaka 1931 njia kuu ikafika Kampala, hivyo Eldoret ikawa katikati ya njia badala ya mwisho wake. Maji ya bomba kutoka Sosiani yalikuja 1928. Umeme ukaja 1933.

Nauli ile ya chini ya mahindi ilikuwa na mlipaji wake pia. Reli haikuweza kubeba mahindi karibu na bure bila kufidia mahali pengine, kwa hiyo ilitoza zaidi bidhaa zilizoingia nchini na ikategemea mizigo yenye thamani kama pamba ya Uganda. Mwanamke wa kijijini aliyenunua shuka la dukani alichangia nauli ya gunia la setla bila kujua. Sisemi nauli ya chini ilikuwa kosa. Bila hiyo pengine mji usingekuwepo. Nasema tu kwamba kila ninapoona usafiri wa bei ya chini hupenda kutafuta nani aliyelipa tofauti.

Mafanikio hayakudumu muda mrefu bila mtihani. Nzige walikuja mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha bei ya mahindi duniani ikaanguka na mdororo wa uchumi. Mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani, na serikali ikaanzisha benki ya ardhi kuwaokoa wenyewe. Lakini angalia: safari hii wakulima walifilisika na mji haukufa. Mwaka 1921 pigo kama hilo lilikaribia kuufuta. Tofauti ilikuwa ile reli, maghala na maduka ambayo sasa yalikuwa na wateja zaidi ya aina moja.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Baada ya Uhuru mwaka 1963 Makaburu wengi waliuza na kuondoka, mashamba yakanunuliwa na watu binafsi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Vikaja viwanda vya nguo, Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, na uwanja wa ndege wa kimataifa mwaka 1997. Hayo ni makala mengine.

Ploti yangu ya mawe

Naogopa mtu asije akadhani mimi ni mjuzi wa kutabiri. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na digrii yangu na mshahara wa kwanza wa maana, nilinunua ploti ya robo ekari katika kituo fulani cha biashara ambacho kila mtu alisema kitapitiwa na lami. Wapimaji walikuwa wameonekana. Vigingi vyekundu vilikuwa vimepigwa. Nilipiga hesabu ya mavuno ya eneo lote, nikahesabu maziwa, viazi na mahindi, nikaridhika kwamba ardhi ile ilikuwa na rutuba ya kutosha kulisha mji. Lami ikapita upande wa pili wa kilima. Ploti bado ninayo. Nimepanda mikaratusi.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu gunia zinazovunwa badala ya kuhesabu ni shilingi ngapi hutumika kulitoa gunia moja pale hadi kwa mnunuzi. Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kituo kipya, humwambia aende akasimame hapo asubuhi moja ya Mei, mvua ikiwa kubwa, ahesabu malori yanayofika na yanayokwama, na aulize mwenye lori anatoza kiasi gani ikilinganishwa na Januari. Aangalie pia kama kuna mzigo wa kurudi. Lori linalokuja tupu na kuondoka limejaa humtoza mkulima safari mbili, na gari la maksai lililorudi Eldoret na misumari na chumvi lilikuwa nafuu kuliko lililorudi tupu. Halafu aulize wenye maduka wanauza kwa mkopo hadi mwezi gani.

Akikuta wenye matrela wawili watatu wanashindania mzigo, hiyo ni dalili. Akikuta mmoja tu, mwenye kiburi, anayechagua atambebea nani, asubiri.

Mama yangu mwaka jana hakumuuzia broka wa langoni. Yeye na majirani zake sita walikusanya gunia zao pamoja hadi lori likajaa, wakamlipa dereva mmoja hadi mjini siku ya jua, na kila mmoja akalipia gunia zake. Nilipomuuliza wazo hilo alilipata wapi, kwa kuwa mimi sikumpa, alisema walichoka kumlisha mtu wa langoni. Kisha akaniuliza bei ya wiki hiyo, kwa sababu bado walikuwa na gunia kumi na moja stoo na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Cherangany.